Viatu vya mtumba mtandaoni, Arusha: mauzo yameshuka toka pea 45 hadi 19. Nishushe bei?

viatu_sakina
Wakuu habari za jioni. Nauza viatu vya mtumba vya kike kwa WhatsApp na Instagram, niko Sakina, mzigo napointi (nachagua pea mojamoja) soko la Kilombero. Wastani wa kununulia ni 14,000, nauza 25,000, na kusafisha pamoja na mfuko vinakula 1,500 kwa pea. Usafiri analipa mteja. Desemba zilitoka pea 45, Januari 28, Februari 24, Machi 19. Ndani zimelala pea 60, nusu yake sendo. Nafikiria kushusha zote ziwe 20,000 na kufungua akaunti TikTok. Mnashauri nini? Naomba msiniambie "ongeza bidii".

hesabu_kwanza
Mkuu, kabla hujagusa bei shika kalamu. Kwa 25,000 unabaki na 9,500. Kwa 20,000 unabaki na 4,500. Pea 19 za Machi zimekupa 180,500. Kwa bei mpya, ili ufike hapohapo unatakiwa uuze pea 41, maana 40 zinakupa 180,000 na bado unadaiwa 500. Yaani picha mara mbili, kujibu meseji mara mbili, kufunga mzigo mara mbili, kwa hela ileile. Na mteja wa mtumba akishaizoea 20,000, siku ukirudi 25,000 atakuona umelewa.

Usichokijua hadi sasa ni wateja wanakatikia wapi. Chukua daftari, siku kumi tu. Kila siku andika: waliotazama status, walioulizia, waliolipa. Kwa kila aliyeulizia asilipe, andika neno la mwisho mliloachana nalo: bei, saizi, usafiri, au umemjibu akakaa kimya. Usikadirie kichwani, kichwa kinakumbuka wale wasumbufu wa "bei ya mwisho ngapi?" tu.

Ukiona watazamaji wa status ndio wamepungua, tatizo haliko kwenye viatu. Kwa kawaida status anaiona mtu ambaye umehifadhi namba yake na yeye kahifadhi yako. Waliotokea Instagram wakanunua mara moja wengi hawajakuhifadhi, kwa hiyo kwao wewe haupo. Ujumbe wa orodha ya matangazo (broadcast) nao ni hivyohivyo: orodha moja inabeba watu 256, ila unamfikia tu aliyekuhifadhi. Dawa ni kumwomba siku anapolipa, wakati bado ana furaha: "Hifadhi namba hii, mzigo wa saizi 38 ukiingia nakutumia wewe kwanza." Halafu tuma kweli.

Jambo lingine linaloua status ni kutupia picha 30 asubuhi kwa mkupuo. Mtu anabonyeza mara nne, anachoka, anakuzima, na hutajua kama amekuzima. Weka 6 hadi 8, awamu mbili: saa 6 na nusu mchana watu wakiwa kwenye chakula, na saa 2 usiku. Bei iandikwe juu ya picha. Hii tabia ya "bei njoo inbox" inakuletea maswali mengi na wanunuzi wachache.

mangi_memorial
Nakubaliana na daftari, ila tusimtishe bure. Kulinganisha Machi na Desemba ni kujidanganya. Desemba watu wanarudi nyumbani na hela mkononi, huku Moshi ndiyo kabisa. Januari ada na sare za shule. Halafu masika yanaingia, na Aprili na Mei hoteli na kambi nyingi zinapumzisha watu. Hela ya madereva wa safari, waongozaji na wapagazi inakauka, na hao ndio wanaozungusha pesa Arusha na Moshi. Kuanzia Juni inaanza kurudi. Machi ilinganishe na Machi ya mwaka jana. Kama hukuandika, anza sasa.

Kosa lako ninaloliona mimi ni zile sendo. Pea 30 kwa 14,000 ni 420,000 imelala chini, na mvua ndiyo kwanza inaanza. Juni na Julai ni baridi, kwa hiyo zitalala hata baada ya tope kukauka. Hapo ndipo punguzo lina kazi, si kwenye viatu vyote. Ukipata mtu wa Dar au Tanga azichukue jumla kwa 12,000, unapoteza 60,000 lakini unashika 360,000 leo. Hiyo inanunua pea 25 za raba na buti fupi na chenji ya 10,000 inabaki. Zikitoka zote 25 faida ni 237,500. Ukizing'ang'ania sendo hadi Oktoba utakuwa umeokoa 60,000 kwenye karatasi tu.

Kuanzia sasa, ukienda kupointi, nusu ya hela iende kwenye saizi zinazoulizwa sana. Usinunue kiatu kwa sababu kizuri. Kizuri saizi 42 cha kike kinakaa miezi.

soli_na_gundi
Wote mnaongelea wateja wapya. Wa zamani wako wapi? Kwenye mtumba mteja hapotei kwa sababu ya bei, anapotea kwa sababu soli ilimwachia njia panda ya Kijenge mbele za watu. Hakupigii simu kulalamika, anahama tu.

Kuna soli nyepesi za poliurethani, zile zinazofanana na povu gumu. Zinaharibiwa na unyevu wa hewani hata kiatu kikiwa ndani ya boksi, ndiyo maana kinaonekana kipya na kinavunjika siku ya pili. Sokoni fanya hivi: bonyeza soli kwa ukucha, kisha kunja kiatu. Ukucha ukizama na alama ikabaki, au kukaonekana nyufa, unga, au kunata, kirudishe kwenye rundo. Hicho hakuna gundi itakayokiokoa, maana gundi inashika unga na unga unabanduka.

Soli ya mpira iliyoachia pembeni ni habari nyingine. Gundi ya zamani itolewe yote, pasuguliwe kwa msasa, ipakwe gundi ya viatu pande ZOTE mbili, isubiriwe dakika 10 hadi 15 mpaka isishike kidole, ndipo ibanwe kwa nguvu. Mafundi wenye haraka wanapaka upande mmoja na kubana ikiwa mbichi, ndiyo maana inaachia tena. Kama ni kiatu cha kutembelea, ashone pia.

viatu_sakina
Nimerudi na daftari, siku kumi. Status inatazamwa na watu 130 hadi 150 kwa siku. Walioulizia 46, waliolipa 8. Walioishia kwenye "itanitosha kweli?" ni 21. Bei 9. Usafiri 8. Sendo nimeanza kuongea na mtu wa Tanga, amefika 11,500.

hesabu_kwanza
Umeona? Kwa bei ni 9 tu kati ya 46, na ulitaka kushusha kwa wote. Tatizo lako ni futi ya kupimia, yaani saizi.

Namba ya ndani ya kiatu haitoshi, kwa sababu mtumba unakuja na vipimo vya Ulaya, Uingereza na Marekani vyote vimechanganyika, na 38 ya kampuni moja si 38 ya nyingine. Pima urefu wa soli ya ndani kwa sentimita, piga picha futi ikiwa ndani ya kiatu, iwe picha ya pili ya kila pea. Kisha tengeneza jibu la haraka kwenye WhatsApp Business, uliite /saizi: "Simama juu ya karatasi, chora mguu, pima toka kisigino hadi kidole kirefu, pima yote miwili, nitumie namba kubwa." Ongeza kama sentimita 1 ndipo ulinganishe na soli. Vyenye ncha kali vinataka zaidi.

Usafiri: acha kutuma boda kwa kila pea. Jumanne Njiro, Kijenge na Moshono. Jumatano Sakina hadi Ngaramtoni. Ijumaa Tengeru na Usa River. Boda akikudai 8,000 kuzungusha pea nne, kila mteja anatoa 2,000. Anayetaka leo leo alipie ya peke yake.

mangi_memorial
Huyo wa Tanga mpe kwa 11,500 akichukua zote 30 na kulipa kabla mzigo haujapanda basi. Angalia salio mwenyewe, usiamini meseji anayokutumia yeye. Akitaka achague 10 nzuri, bei irudi 14,000.

viatu_sakina
Na TikTok?

soli_na_gundi
Utawaleta watu wapya waulize "itanitosha?" Futi kwanza.