Jukwaa ninalouzia limetoa bidhaa kama yangu. Kuna sheria inayolizuia?

Fundi Visanduku ameuliza:

Habari za kazi wakuu. Naomba msaada wenu, hasa wanaojua sheria za ushindani na wauzaji wenzangu wa mtandaoni.

Nauza visanduku vya kufichia nyaya, vile unavyotumbukiza ekstensheni na chaja zote ndani zisizagae mezani. Mwanzoni matundu ya kupitishia waya yalikuwa plastiki tupu. Wateja waliorudisha mzigo walikuwa wanaandika kwenye fomu ya marejesho kwamba kingo zinakwaruza waya. Maelezo hayo hayaonekani hadharani, tunayaona mimi na jukwaa basi. Nikaweka ukingo wa mpira laini kila tundu, na tundu la nyuma nikalishusha ili chaja yenye kichwa kikubwa ikae bila kupinda waya. Mauzo yakapanda.

Sasa jukwaa lenyewe limetoa kisanduku chenye nembo yake. Mpira upo. Tundu la nyuma lipo chini, palepale. Bei yao ni ndogo kuliko yangu. Ukitafuta bidhaa hii, chao kinatangulia, na hata ukifungua ukurasa wangu unakuta picha ya chao imewekwa chini ya bei yangu. Na mimi bado nalipia matangazo ili nionekane, nalipia ghala, nakatwa kamisheni kila oda. Anayepokea pesa zote hizo ndiye mshindani wangu.

Ushindani siuogopi. Mtu akiona kazi yangu akaiiga, tutapambana sokoni. Kinachoniuma ni kwamba huyu hakuhitaji kukisia chochote. Alijua nauza vingapi, mteja anaghairi bei ikifika wapi, na akirudisha amerudisha kwa sababu gani. Je, kuna mahali popote sheria inamkataza mwenye soko kufanya hivi?

---

Karani wa Mizani amejibu:

Pole sana ndugu. Ndiyo, zipo, ingawa zinategemea bidhaa inauzwa wapi na jukwaa lina ukubwa gani.

Ulaya ndiko suala hili lilikofika mbali zaidi. Tume ya Ulaya ilianza kuichunguza Amazon Julai 2019, na Novemba 2020 ikaiandikia tuhuma rasmi: kwamba inachukua takwimu za wauzaji huru zisizo wazi kwa umma, kama oda, mapato na idadi ya waliofungua kurasa zao, halafu inazitumia kupanga biashara yake yenyewe ya rejareja. Shauri liliisha Desemba 2022 bila faini. Amazon iliahidi kutozigusa takwimu hizo kwa ajili ya bidhaa zake, na kutompendelea mtu katika kuchagua nani anapewa kitufe kikuu cha kununua pale wauzaji kadhaa wanapouza bidhaa ileile. Ahadi hizo haziwi kukiri kosa, lakini zinaibana Amazon kisheria.

Baadaye ikaja Sheria ya Masoko ya Kidijitali. Tangu Machi 2024 majukwaa makubwa yaliyotajwa chini yake, Amazon ikiwemo, hayaruhusiwi kutumia data za siri za wauzaji kushindana nao, wala kuzipa bidhaa zao nafasi ya upendeleo kwenye matokeo ya utafutaji. Ukiukaji unaweza kugharimu hadi asilimia 10 ya mapato ya mwaka ya duniani kote. Jukwaa dogo haliguswi na sheria hii, kwa hiyo angalia kwanza kama lako limo.

India walipita njia nyingine. Tangu Februari 2019, soko la mtandaoni lenye mtaji wa kigeni haliruhusiwi kuuza bidhaa za kampuni ambayo lenyewe lina hisa ndani yake. Binafsi naona hiyo ndiyo safi kuliko zote. Ukimwachia mtu daftari la siri la mshindani wake na kumwomba asilisome, utahitaji mkaguzi kila siku.

---

Mnunuzi wa Kawaida amejibu:

Samahani, nitasema upande wetu. Supermaketi zimekuwa na bidhaa za nembo zao miaka mingi na hatukulalamika. Mimi nikipata kisanduku kilekile kwa bei nafuu, nimeumizwa na nini? Amazon iliwahi kuliambia Bunge la Marekani kwamba nembo zake ni takriban asilimia 1 tu ya mauzo yake.

---

Karani wa Mizani amejibu:

Dada au kaka, hoja yako ni nzito, na kwa miongo kadhaa sheria ya Marekani imetembea humo: mteja akipata bei nzuri, hakuna kesi. Mwanasheria Lina Khan aliipinga kwa kirefu katika makala yake ya 2017 kwenye jarida la sheria la Yale, na mwaka 2021 akawa mwenyekiti wa Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, inayosimamia ushindani huko Marekani.

Lakini supermaketi kwa kawaida hununua mzigo kwanza. Usipouzika, hasara nayo inaiuma. Hapa aliyejaribu soko kwa pesa yake ni Fundi. Yeye ndiye aliyelipia mzigo uliorudishwa kwa sababu ya matundu yaliyokwaruza waya. Mwenye jukwaa aliingia jibu likiwa limeshapatikana. Na hiyo asilimia 1 haigawanywi sawa kwa wauzaji wote. Inaangukia bidhaa zilizothibitika kuuzika, na kwa mwenye bidhaa moja inaweza kuwa biashara yake yote. Akifunga, nani atafikiria tundu la waya mara nyingine?

Amazon ilikuwa na sera ya ndani ya kutotazama takwimu za muuzaji mmojammoja. Julai 2020 Jeff Bezos, bosi wa Amazon wakati huo, alipoulizwa na wabunge wa Marekani, alijibu kwamba hawezi kuwahakikishia kuwa sera hiyo haijawahi kukiukwa.

---

Bi Stoo amejibu:

Nimeuza mtandaoni muda mrefu, niongeze la pesa. Tusiishie kwenye kuigwa. Kesi ya FTC na majimbo 17 dhidi ya Amazon, iliyofunguliwa Septemba 2023, uzito wake uko kwingine: inadai kwamba muuzaji akishusha bei mahali pengine anafichwa kwenye matokeo, na kwamba ili apate nembo ya Prime, ile ya huduma yao ya kufikisha mzigo haraka, analazimika kutumia ghala lao. Italia nayo Desemba 2021 iliipiga Amazon faini ya zaidi ya euro bilioni 1.1 kwa suala hilo la ghala. Sasa wewe mnunuzi jiulize: kama siwezi kushusha bei hata kwenye tovuti yangu mwenyewe, unafuu wako uko wapi?

Fundi, malalamiko usiyapeleke kwa jukwaa pekee. Hiyo ni kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Piga picha za skrini zenye tarehe, pakua ripoti za marejesho kabla hazijafutwa, tunza michoro ya tundu la zamani na la sasa. Kisha ulizia kusajili muundo wa kisanduku. Usichelewe, maana sehemu nyingi zina ukomo wa muda tangu bidhaa ilipotoka hadharani.

---

Fundi Visanduku amejibu:

Asanteni sana wote. Ripoti za marejesho naanza kuzipakua leo. Bi Stoo, nina swali: michoro yangu ya kwanza niliichora kwa mkono, haina tarehe, ila fundi wa kalibu nilimtumia picha zake kwa baruapepe. Barua hizo zinatosha kuwa ushahidi wa tarehe, au lazima nipate kiapo chake?