Anayesomea ubunifu wa tovuti alazimishwe kujifunza kodi (code), yaani maagizo anayoandikiwa kompyuta?

Wakuu, tubishane kidogo. Anayesomea ubunifu wa michoro ya tovuti alazimishwe kujua HTML (kodi inayojenga ukurasa) na CSS (kodi inayoupanga na kuupamba), au aachiwe rangi na fonti zake, kodi wahangaike nayo wenye kodi?

Mimi nasema alazimishwe, tena kabla hajagusa programu yoyote ya kuchorea.

Kozi nyingi kwa kweli zinafundisha programu, si fani. Mtu anamaliza akiijua Figma, programu ya kuchorea kurasa, kona zote, lakini hajui kwa nini ukurasa wake uliopendeza kwenye skrini pana unavurugika ukifunguliwa kwenye simu. Karatasi ina upana mmoja, tovuti haina. Mbunifu wa tovuti Ethan Marcotte aliliandikia hilo mwaka 2010, na hadi leo wapo wanaofundishwa kuchora ukurasa kana kwamba ni bango la ukutani.

Halafu programu zenyewe hazikai. Waliosomea Flash, teknolojia ya kuweka michoro inayotembea kwenye tovuti, walitamba kweli, kisha kampuni yake, Adobe, ikaacha kuihudumia mwisho wa 2020 na vivinjari vikaifungia mlango. CSS ya kwanza ilitoka Desemba 1996, na mengi yaliyokuwemo yanafanya kazi mpaka sasa. Ada yako ungeipeleka wapi?

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, hapana. Muda wa kozi hauongezeki. Ukiujaza kodi, kinachopunguzwa ni elimu ya herufi, rangi na mpangilio, yaani ubunifu wenyewe. Wapo mafundi wa kodi wanaotoa kurasa zinazofunguka kila mahali na hazisomeki popote: maandishi ya kijivu juu ya kijivu! Mwongozo wa WCAG, wa kufanya tovuti zitumike na watu wote hata wenye ulemavu, katika ngazi yake ya kati ya AA, unataka utofauti wa mwangaza kati ya maandishi na rangi iliyo nyuma yake usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Kuchagua rangi zinazofika hapo na bado zipendeze ni kazi ya mbunifu. Kodi haitakuchagulia.

Mtoa mada: Kwenye rangi sina ubishi. Ila mwongozo huohuo unataka maandishi yaweze kukuzwa hadi asilimia 200 bila chochote kupotea. Kwenye mchoro uliotulia hilo utalijaribuje? Ni lazima uingie kwenye kivinjari. Hoja ya muda ina uzito, ndiyo maana sijataja JavaScript, lugha ya kuufanya ukurasa uitikie mtumiaji. Hiyo asome akipenda. Naomba tu ajue kila kisanduku cha maandishi au picha kinajipangaje kwenye ukurasa na picha nzito inamcheleweshaje msomaji.

Mchangiaji wa pili: Mimi ndiye mwanafunzi mnayemgombania. Kila ninapoomba kazi naulizwa nimetengeneza nini, cheti kinabaki kwenye bahasha. Sasa semeni wazi: nikileta picha nzuri za kurasa, hakuna hata moja inayofunguka, mtaniita kwenye usaili?

Mtoa mada: Kwangu hapana, ndugu yangu. Mkuu hapo juu ajibu mwenyewe.

Mchangiaji wa kwanza: Ningekuita. Lakini ningekuuliza kwa nini umechagua kila fonti, na ukinijibu "imependeza tu", tumemalizana.