Viota vya yangeyange Bamburi: nikae umbali gani na kamera?

MwanaKisauni
Jamani hamjambo. Kuna bwawa hapa Bamburi, na mti wa ukingoni umejaa viota vya yangeyange tangu masika yaanze. Jumamosi nilikwenda na lenzi ya milimita 300, nikasogea hadi chini ya mti. Wote wakaruka. Picha za mabawa nilipata, lakini papo hapo kunguru wawili walishuka, mmoja akaondoka na yai la samawati hafifu mdomoni. Tangu siku hiyo sina raha. Nataka kurudi, ila nisiwadhuru tena. Pia picha zangu zatoka nyeupe tupu, manyoya hayaonekani.

BabuTudor
Mwanangu, umefanya vyema kusema. Kunguru wetu hawa wa Bara Hindi, walioletwa Unguja miaka ya 1890, wanamfuata mtu kwa macho. Wanajua ukipita ndege watainuka. Na hata wasipokuja, jua la saa tano juu ya yai lisilo na mama si kitu kidogo.

Kaa ng'ambo ya bwawa, chini, utulie. Mtazame ndege, usihesabu mita: akinyoosha shingo na kuacha kujichambua manyoya, umeshakaribia mno, rudi nyuma. Usikate tawi hata moja ili uone kiota, maana hilo ndilo kivuli chao. Nenda alfajiri, ondoka kabla ya saa tatu.

Uzuri wenyewe hauko kwenye mayai. Dume huleta kijiti, jike hukipokea na kukipanga. Wakati huo mdomo huwa mwekundu, na kichwani, kifuani na mgongoni huota manyoya ya rangi ya machungwa hafifu. Hayo yote yaonekana kwa mbali. Weupe ukizidi, punguza mwanga kwenye kamera kwa hatua moja. Akiruka, kasi ya kamera iwe 1/2000 ya sekunde.

Na usiandike mti uko wapi.

BiMtwapa
Kaka, kwa mazoezi anza na mnana. Kwangu wamening'iniza viota juu ya njia ya watu, wamezoea kupitwa. Dume husuka, jike akikikataa, dume hukifumua, akaanza upya. Nimekaa barazani asubuhi nzima nikimtazama mmoja.

MwanaKisauni
Shukrani Babu, shukrani Bi. Jumamosi nakaa ng'ambo, upande wa matete. Nitaazima lenzi ya 600.