Jeep ya vita kuu ya pili inauzwa Kongwa, naombeni ushauri kabla sijatoa hela

Nyemo wa Nkuhungu:
Wakuu habari za jioni. Kuna gari nimeonyeshwa Kongwa, ndani ndani huko, wenyewe wanaiita Jeep ya Mwingereza, ipo chini ya mti kwenye kiwanja cha mzee mmoja marehemu na mjukuu wake ndo anaiuza. Anataka milioni 7, tukikaa vizuri nadhani atashuka. Nimeikagua kwa macho tu: usukani upo kushoto, kioo cha mbele kinalala juu ya boneti, tanki la mafuta lipo chini ya siti ya dereva, nyuma hakuna mlango wa kushusha, tairi zimeisha zote. Injini yake haipo, imewekwa ya Toyota ya petroli na yenyewe haiwaki. Sakafu imetoboka upande wa dereva. Mjukuu anasema ilipigana vita kuu ya pili alafu Waingereza wakaileta kwenye mradi wao wa kulima karanga hapo Kongwa, ndo mana bei iko hivo.

Haya magari nayapenda toka mdogo. Sitaki kuikata wala kuilangua, nataka itembee tena ikiwa kama ilivyotoka kiwandani. Sasa nitajuaje ni ya jeshi kweli na sio ya kiraia? Spea zitatoka wapi? Na mafundi wa hapa Dodoma wanaiweza?

Fundi Kizota:
Mkuu hapo nyuma kutokuwa na mlango inaelekea jeshini, ila tanki chini ya siti hata za kiraia za mwanzo lilikuwa hapo hapo. Ukirudi hesabu zile nafasi za grili, kile chuma chenye matundu mbele ya rejeta. Nyingi za vita zina nafasi tisa, za kiraia zilizoanza 1945, yaani CJ-2A, zina saba na taa zake zimetokeza nje, wakati za jeshi taa zimeingia ndani na unaweza kuzigeuza zikamulika injini usiku.

Ila grili inabadilishwa, mimi naamini chesisi. Hizi gari zilitengenezwa na kampuni mbili kati ya 1941 na 1945, Willys wakaiita MB na Ford wakaiita GPW, jumla zilitoka zaidi ya laki 6. Lala chini mbele angalia kile chuma kinachounganisha chesisi kushoto na kulia, kikiwa bomba la mviringo ni Willys, kikiwa cha pembe ni Ford. Ford waligonga namba juu ya chesisi upande wa kushoto huko mbele, sugua taratibu na brashi ya waya na dizeli, USITUMIE GRENDA utaifuta namba na hapo umeua gari kabisa. Willys namba yao ilikuwa kwenye kibati kilichopigwa ribiti kwa ndani, na hicho mara nyingi kimeshang'oka. Boliti na vipande vingi vya Ford vina herufi F, ukiona F nyingi ujue ni GPW, ukiona zimechanganyika usishangae, jeshini walikuwa wanatoa kwenye hii wanafunga kwenye ile.

Alafu pita na nyundo ndogo ukigonga chesisi yote, sehemu inayolia butu ndani imeliwa. Kukaa Kongwa ni bahati yake mana huku kukavu, ingekuwa Tanga au Dar ungekuta unga. Hatari ya huku ni jua, kwahiyo mipira ya breki, sili, waya, hesabu vyote vipya bila kuuliza. Sakafu isikusumbue, bati linachomelewa. Injini ya Toyota nayo isikutishe, swali ni walikata nini ili iingie. Kama gia boksi, kile kiboksi cha fo-wili na difu zote mbili, ya mbele na ya nyuma, ni zake, gari bado ipo. Kama na hivyo vimeng'olewa, unanunua bodi tu na milioni 7 ni nyingi mno.

Na kingine cha kuzingatia sana, rimu zake. Ukiona nati nyingi zimezunguka rimu mbali na zile tano za kufungia gurudumu kwenye gari, hiyo ni rimu ya vipande viwili. Usiguse hizo nati mpaka utoe valvu na upepo uishe wote, ikifyatuka inaua mtu.

Mzee wa 109:
Kijana hela yako weka kwenye Land Rover 109 Series III. Zilitengenezwa 1971 mpaka 1985, bodi aluminiamu, kutu unahangaika nayo kwenye chesisi na ule ukuta wa mbele kati ya injini na siti tu, na mafundi wanaoijua wapo mpaka Manyoni. Lile tamasha la Land Rover la Arusha la 2024 lilionyesha wazi hizi gari bado zina wenyewe. Jeep utaiweka juu ya mawe ukisubiri spea.

Mama Veyula:
Wanangu wote mmeongelea vyuma. Mimi niulize: huyo mjukuu anauza kama nani?

Mali ya marehemu inauzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, basi. Kikao cha ukoo kinapendekeza jina tu, hata wakisaini watu ishirini hawajakupa gari. Omba uone uteuzi wenye muhuri wa mahakama na jina lifanane na la huyo anayepokea hela. Kama hawajafungua mirathi waambie wakaifungue mahakama ya mwanzo hapo Kongwa, wewe subiri, gari imekaa miaka yote hiyo haitakimbia. Pili kadi ya gari. Ikiwepo linganisha namba ya chesisi, ikiwa imepotea wao ndio waende polisi wapate ripoti ya upotevu, sio wewe baadaye. Namba ukishaipata ipeleke TRA uulize inasomaje kwao na usajili wake utakuwaje, hasa kwa kuwa usukani uko kushoto. Hela ilipwe benki, mkataba mbele ya wakili, mashahidi wa pande zote mbili.

Na mwanangu usije ukakimbilia kupiga rangi ya jeshi na alama zake bila kuuliza wenyewe kwa maandishi. JWTZ walishawaonya raia kuhusu sare zao, usijitafutie kusimamishwa kila kizuizi.

Mwana Kongwa:
Mimi kwetu ni huko na babu yangu alikula mshahara wa ule mradi wa karanga. Ulianza 1947, ukavunjwa 1951. Ardhi ikikauka ilikuwa ngumu kama saruji, mvua haba, visiki vya mibuyu na vichaka vikavunja mashine. Mitambo mingi ilikuwa masalia ya vita, mingine ilitoka Ufilipino ilikoachwa na jeshi la Marekani, na kuna vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta wakaviita Shervick. Kwahiyo anachosema mjukuu kinawezekana. Lakini pia miaka ya 60 Kongwa palikuwa na kambi za wapigania uhuru, FRELIMO, ANC na wengine, magari yaliingia na kutoka. Bila karatasi hakuna anayeweza kusema hii ilikuja na nani. Mzee aliyekufa huenda aliacha risiti, picha, kitabu cha matengenezo, waombe watafute kwenye masanduku kabla havijachomwa. Hivyo kwangu mimi vina thamani kuliko injini. Na ukiinunua tafadhali isitoke Dodoma, vitu vya historia yetu vingi vimeishia kwa wanunua chuma chakavu.

Nyemo wa Nkuhungu:
Asanteni sana wakuu, mama Veyula umeniokoa, nilishaanza kuongelea advansi. Nimempigia mjukuu, mirathi haijafunguliwa, baba yake mdogo ndo ataenda mahakamani. Mzee wa 109 nakuelewa ila moyo wangu uko kwenye hii. Fundi Kizota tukikubaliana nao utanisindikiza? Na spea vipi?

Fundi Kizota:
Naenda, nilipie nauli tu. Spea zipo nje, bodi nzima mpya bado zinatengenezwa Ufilipino, na India kampuni ya Mahindra waliunda Jeep za aina hii baada ya vita kwahiyo huko vyuma bado vinapatikana. Ila kila unachoagiza kijumlishie usafiri, ushuru na VAT asilimia 18, ndo mana nasema difu na gia boksi viwepo. Injini yake halisi ni lita 2.2, farasi 60, gia tatu. Itafute taratibu, kwa sasa tufufue hiyo Toyota ili gari isogee. Umeme wake wa kiwandani ni voti 6, wengi wanahamia 12.

Siku ya kuileta msiikokote na kamba, breki haina. Ipakieni kwenye Fuso. Na kila boliti mtakayofungua iwekeni kwenye kopo muandike imetoka wapi, hata iliyooza, mana hiyo ndo sampo fundi wa kuchonga atakayoitumia.