Naombeni ushauri: Sarkar Raj niimalize au niachane nayo?

Habari zenu wadau, naombeni ushauri wazee wa muvi za Kihindi. Nimetoka kuangalia Sarkar ya 2005, ile ya Ram Gopal Varma, Amitabh kakaa zake Mumbai hana cheo chochote serikalini ila kila mwenye shida anamkimbilia yeye, nimeipenda balaa hasa Vishnu anavyomgeuka baba yake.

Sasa nimeanza Sarkar Raj ya 2008, nimefika pale Aishwarya analeta mradi wa umeme vijijini Maharashtra, Shankar, yule mtoto mwingine wa Amitabh, anautaka, mzee kagoma, nikakwama. Kopi yangu ni ya DJ anayetafsiri kwa Kiswahili juu ya muvi, na hawa waigizaji wanaongea kwa macho zaidi, yeye wakinyamaza tu anajazia maneno yake (jamaa hachoki!). Nimejaribu kuzima sauti nisome sabutaito, nazo zinachelewa.

Naomba kujua, kwa mlioziona zote mbili, hii ya pili kwenye siasa inaifikia ya kwanza au ni majina makubwa tu? Na nikiruka moja kwa moja mpaka Sarkar 3 ya 2017 nitaelewa kitu? Ila tafadhali msiniambie nani anakufa.