Kosa sanifu ni kosa la nani? Takwimu za darasani zimenishinda

Mayai_Umoja

Habari zenu wakubwa. Niko mwaka wa pili, diploma ya afya ya jamii, chuo kiko hapa mjini na sitakitaja. Takwimu tunasoma Jumamosi saa mbili asubuhi, ukumbi mmoja, tuko kama mia mbili. Mhadhiri anatusomea slaidi. Nikisema anasoma, ni neno kwa neno, mpaka namba ya ukurasa. Wiki ya nne niliinua mkono nikauliza kosa sanifu lina tofauti gani na mchepuko sanifu. Akasema litakuja mbele. Tuko wiki ya tisa na bado halijaja.

Kukokotoa naweza. Nipe namba kumi nikupe wastani na mchepuko, hata ile ya kugawanya kwa n (idadi ya namba) toa moja naifanya, bila kujua kwa nini natoa hiyo moja. Ukiniuliza maana, naangalia dirishani. Mtihani ni wiki tano kutoka sasa, na mwaka ujao kuna mradi wa utafiti wa data yangu mwenyewe. Laptopu sina. Nina simu na bando la usiku. Nianzie wapi?

Kijana_wa_58

Pole kaka. Tafuta mitihani ya miaka iliyopita, wale wa kutoa kopi pale getini huwa nayo yote. Ifanye mpaka mkono uzoee. Mimi nilipita hivyo na hadi leo usiniulize thamani ya p ni mnyama gani.

Karani_Rongai

Wa 58 amekupa dawa ya mtihani, na ni dawa nzuri, inywe. Lakini mradi utakuumbua.

Mimi KCSE, ule mtihani wa kidato cha nne, hesabu nilipata D+, kwa hivyo usidhani unaongea na profesa. Ni karani wa duka la vipuri Kirinyaga Road. Takwimu nilijifunza nikiwa na miaka 34, kwa sababu nilichoka kuchelewa kazini. Kila asubuhi niliandika kwenye daftari dakika nilizotumia kutoka Rongai hadi mjini, tangu kupanda mathree (matatu) mpaka kushuka. Siku 60. Wastani ukatoka dakika 78, mchepuko sanifu 24. Kulikuwa na Ijumaa moja ya mvua iliyokula dakika 165, hiyo sitaisahau, kondakta mwenyewe alishuka akanunua mahindi choma akarudi akatukuta palepale.

Sasa sikiliza, hapa ndipo akili yangu ilifunguka. Nilikata vikaratasi 60, kila kimoja dakika za siku moja, nikavitia kwenye sufuria. Nachota kimoja, naandika namba, nakirudisha, nakoroga, nachota tena. Nikifikisha vinne natafuta wastani wake. Nilifanya hivyo mara 30, jioni mbili, mtoto akinisaidia kukoroga. Nikapata wastani 30 tofauti. Vikaratasi vyenyewe vilitawanyika kuanzia dakika 46 hadi 165, lakini zile wastani 30 zilibanana, ya chini 58 na ya juu 104. Nikatafuta mchepuko wa hizo wastani: 11 na kitu. Nikarudia nikichota tisa tisa. Ikashuka hadi 8 na kitu.

Chukua 24 ugawanye kwa kipeuo cha pili cha 4, yaani 2. Unapata 12. Gawanya kwa kipeuo cha pili cha 9, yaani 3, unapata 8. Hilo ndilo kosa sanifu, na hakuna aliyekosea. Mchepuko sanifu unakwambia siku moja inaweza kwenda mbali kiasi gani na wastani. Kosa sanifu linakwambia wastani wako wenyewe ungeyumba kiasi gani kama ungechota sampuli nyingine. Nilicheka peke yangu jikoni.

Na usione aibu ya vikaratasi. William Gosset, mkemia aliyeajiriwa na kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin (ndiyo, hiyohiyo ya chupa nyeusi), alifanya kitu kama hicho. Alichukua vipimo vya wahalifu 3,000, urefu wa mwili na wa kidole cha kati, akaviandika kwenye kadi 3,000, akazichanganya, akazigawa nne nne akapata sampuli 750. Alikuwa anakagua kama hesabu zake za sampuli ndogo zinashika. Matokeo aliyachapisha 1908 kwa jina la bandia, Student. Lile jaribio la t mnalokaririshwa limetoka hapo. Slaidi zenu zimesema?

Sufuria kwanza, fomula baadaye. Video za Khan Academy ni za bure, tazama moja ukishachota, usitazame kabla, maana utalala. Laptopu ikipatikana utaweka R, programu ya takwimu, nayo ni ya bure, itachota mara elfu kumi kabla hujapepesa macho. Lakini usiikimbilie.

Mwalimu_Mstaafu

Karani, nimefundisha miaka mingi na sikuwahi kupeleka sufuria darasani. Najuta.

Kijana, hiyo moja unayoitoa. Chama chenu kina watu watano na wastani wa mchango ni shilingi 300. Wanne wametoa 200, 400, 350 na 250. Wa tano ametoa ngapi? Huna haja ya kumpigia simu. Jumla lazima iwe 1,500, wanne wana 1,200, yeye ni 300 apende asipende. Ukishaufunga wastani, waliobaki huru ni wanne. Ndizo digrii za uhuru. Tena wastani wa sampuli umetokana na namba hizohizo, basi huwa karibu nazo kuliko wastani wa kweli wa watu wote, na mitawanyiko unayopima inatoka midogo kuliko inavyostahili. Kugawanya kwa n toa moja kunairudishia kimo chake.

Na wa 58, usitembee na mnyama usiyemjua. Thamani ya p inajibu hivi: kama kweli hakuna tofauti yoyote, ni mara ngapi ningeona matokeo ya ajabu kama haya au zaidi? Haikwambii uwezekano kwamba dhana yako ni ya kweli. Hata chama cha wanatakwimu wa Marekani kilitoa tamko mwaka 2016 kuwakumbusha watafiti jambo hilo, watafiti wenye shahada zao.

Kwa kuwa unasoma afya, fungua kwenye simu ripoti ya utafiti wa afya ya kaya Kenya ya 2022, ya KNBS, shirika la taifa la takwimu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu wote, 47,564,296. Huu wa 2022 ni sampuli ya kaya. Nenda nyuma kabisa, kwenye viambatisho, pale ambapo hakuna anayefika. Kuna majedwali ya makosa ya sampuli, kila kiashiria na kosa lake sanifu pembeni. Lile swali lako la wiki ya nne limejaa hapo kurasa nzima.

Mayai_Umoja

Asanteni sana. Mwalimu, ya chama nimeielewa kwa mara ya kwanza, shikamoo.

Dada Karani, mama anauza mayai hapa Umoja na ana daftari la treya kwa siku. Nimechukua siku 40, mchepuko ni treya 6. Nimechota tisa tisa, mara 12. Nilitegemea 2, yaani 6 gawanya kwa 3, nimepata 1.4. Nimekosea wapi?

Karani_Rongai

Ulikuwa unarudisha kikaratasi kabla ya kuchota kingine?

Mayai_Umoja

La. Nilishika vyote tisa kwa mkupuo.

Karani_Rongai

Basi hiyo ni sehemu ya jibu. Ukichota tisa kati ya 40 bila kurudisha umemaliza karibu robo ya sufuria, mtawanyiko lazima upungue, lakini kidogo tu, ungekuwa kwenye 1.8 hivi. Iliyobaki ni kwamba mara 12 ni chache, hata hicho kipimo chako chenyewe kinayumba. Rudisha kila kimoja, koroga, fika mara 50 kisha uniambie.

Mayai_Umoja

Narudia usiku huu. Mama ameuliza mbona natoa mayai kwenye sufuria na hayaishi.