Gumzo la ukoo: dawa alizoacha Babu

Shangazi: Wanangu, hamjambo. Leo nimepanga vitu vya marehemu baba. Kabati la chumbani kwake limejaa dawa, nyingine hata hazijafunguliwa. Za presha peke yake zingemtosha mtu miezi. Jirani yangu hapa ana presha hiyo hiyo, anameza leo, kesho anaruka, ili zimfikishe mwisho wa mwezi. Nataka nimpelekee asubuhi.

Kaka: Shikamoo Shangazi. Mpelekee tu, Babu angefurahi.

Shangazi: Marahaba mwanangu.

Baba Mdogo: Dada, mimi nasema zichomwe zote. Dawa ya mtu ni ya mtu. Ikimdhuru huyo jirani utajibu nini?

Binamu: Shikamoo Mjomba. Lakini kuchoma boksi zima la dawa wakati jirani anaruka dozi, hilo nalo si dhara?

Mama: Wifi, msubiri mfamasia wetu atoke kazini kwanza.

Mimi: Shikamooni wakubwa zangu. Nimetoka zamu sasa hivi. Shangazi, nakuomba usimpelekee bado. Kuna za kuokoa humo na kuna za kuharibu, tusizichanganye. Piga picha kila moja, ule upande wenye jina, tarehe ya mwisho ya matumizi na namba ya toleo, yaani ya fungu dawa ilimotengenezwa.

Shangazi: *[picha]*
*[picha]*
*[picha]*
Na hizi za kwenye friji.
*[picha]*

Mimi: Asante sana. Nianze na za presha maana ndizo zenye uzito. Boksi zimefungwa, muda wake bado upo. Ila ni za aina mbili, amlodipini na lisinoprili. Watu wawili wanaweza kuwa na presha moja na kila mmoja akahitaji dawa yake. Lisinoprili mjamzito hapewi kabisa, inaumiza figo za mtoto aliye tumboni. Mwenye tatizo la figo naye lazima apimwe kwanza. Huyo jirani ni mtu wa umri gani?

Shangazi: Bado anazaa.

Mimi: Ndiyo maana nikasema tusubiri. Sijui anatumia dawa gani, na boksi la Babu halitatuambia.

Shangazi: Haya, nimekuelewa. Na insulini je? Hii haijaguswa.

Mimi: Insulini ambayo haijafunguliwa inakaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, na haitakiwi kuganda. Siku za msiba ile friji tuliizima tukaihamisha, na hakuna anayejua ilikaa hivyo kwa muda gani. Joto likiipata inapungua nguvu, na kwa macho unaweza usione chochote. Mgonjwa atajichoma sindano akijua amejitibu, kumbe sukari inapanda. Hiyo hatumpi mtu.

Binamu: Na hizi antibiotiki zilizobaki nusu?

Mimi: Hapana. Nusu dozi haitibu, na dawa zinazogawiwa hivi hivi ndizo zinazowapa vijidudu usugu. Ile morfini aliyopewa Babu ya maumivu ifungiwe mbali na watoto mpaka nije. Nitairudisha mwenyewe hospitali ilikotoka, dawa za namna hiyo zina sheria yake kali.

Kaka: Kwa hiyo tunarudi kwa Baba Mdogo, tuchome?

Mimi: La hasha! Maboksi yaliyofungwa yana njia. Marekani, zaidi ya majimbo 40 yana sheria inayoruhusu dawa ambazo hazikutumika zipewe wasio na uwezo. Jimbo la Iowa linafanya hivyo tangu 2007. Dawa inapokelewa ikiwa imefungwa, mfamasia anakagua tarehe na toleo, zile za kulevya hazipokelewi, halafu anayepewa anakuja na cheti cha daktari. Nyingi zinatoka nyumba za kutunzia wazee, kwa sababu kule dawa anaishika muuguzi na inajulikana ilikaa wapi. Uholanzi nako hospitali zilijaribu kwa vidonge vya saratani, ambavyo ni ghali mno. Mgonjwa anapewa dawa ndani ya mfuko wenye lakiri na kipima joto kidogo. Akirudisha zilizobaki, wanaangalia lakiri, wanasoma joto, ndipo anapewa mwingine.

Baba Mdogo: Mimi ninavyojua Shirika la Afya Duniani halitaki dawa zilizorudishwa na wagonjwa.

Mimi: Ni kweli Baba Mdogo, mwongozo wake wa 1996 wa misaada ya dawa unasema hivyo, na haukutoka hewani. Eritrea wakati wa vita vya ukombozi ilipelekewa malori saba ya aspirini iliyokwisha muda, kuichoma ikachukua miezi sita. Bosnia kati ya 1992 na 1996 ilipokea tani zinazokadiriwa 17,000 za dawa zisizofaa. Hata Ufaransa, iliyokuwa ikikusanya dawa majumbani na kuzipeleka nchi za nje, iliacha mwishoni mwa 2008. Watu walimwaga makabati yao wakaita msaada. Ila mimi siamini kwamba boksi lililofungwa, likakaguliwa na mfamasia na kupewa mtu mwenye cheti cha dawa hiyo hiyo, ni jambo moja na lile. Pale sheria inaporuhusu, kulichoma ni dhuluma kwa mgonjwa.

Baba Mdogo: Hapo umenigusa.

Binamu: Kuna boksi moja la mwisho limepita muda miezi miwili. Niliwahi kusoma kwamba dawa zinaishi zaidi ya tarehe yake.

Mimi: Nyingi zinaishi. Jeshi la Marekani limekuwa likipima tangu 1986, na nyingi zilikutwa nzima miaka kadhaa baadaye. Lakini zile zilikuwa zimefungwa, kwenye maghala yenye joto linalodhibitiwa. Kabati la Babu liko ukutani jua linakopiga. Na hata bila hilo, asiye na pesa anastahili dawa ambayo ningempa mama yangu mzazi. Kama Mama simpi iliyopita muda, jirani naye simpi.

Mama: Amina mwanangu.

Shangazi: Sasa nifanye nini? Mimi namuona kila siku yule mama. Juzi kichwa kilimuuma mpaka akakaa chini mlangoni kwangu.

Mimi: Shangazi, hilo la kukaa chini linanitisha kuliko kabati zima. Kesho apimwe presha, asingoje dawa za Babu. Nenda naye kliniki aliyokuwa akitibiwa Babu, beba maboksi yaliyofungwa, muulize mfamasia wao kama wanaruhusiwa kuyapokea. Jina la Babu lifute kwanza kwenye kila boksi, tarehe na namba ya toleo usiziguse. Wakikataa usigombane nao, huenda sheria haiwaruhusu. Hapo muombeni daktari amwandikie dawa isiyo na jina la kampuni kubwa, inafanya kazi ile ile kwa bei ndogo. Mara nyingi mtu anaruka dozi na hajawahi kumwambia daktari kwamba pesa haimtoshi.

Baba Mdogo: Nami nalipa dawa zake za miezi mitatu. Usimwambie zimetoka kwangu.

Kaka: Niongezeeni mimi humo.

Shangazi: Mungu awabariki. Nimetoka kumgongea sasa hivi, amekubali twende saa mbili. Anasema dawa zake zimebaki vidonge vinne na alitaka leo asimeze.

Mimi: Ameze leo, Shangazi, kama alivyoandikiwa. Kama kichwa kinamrudia usiku, au anaona giza, au kifua kinabana, msingoje saa mbili, mpelekeni muda huo huo na mnipigie. Kesho aje na cheti chake na hivyo vidonge ndani ya pakiti yake, daktari avione.